Mashua Iliyolowekwa Siku Nne

Uvumi ulikataa kunitoka kichwani: tangu vita viishe, mashua zinazouzwa Nyamirembe, kando ya ziwa, zinazama. Na mwanangu Privatus alikuwa akienda kununua moja. Ndani ya lori la kwenda huko nikamsikia muuzaji mmoja akimsifia fundi mzee mashua yake: "Nimeizamisha siku nne, mbao zimevimba. Haivuji hata tone!"

"Ianike wiki moja, tuone nyufa."

"Aa, mzee! Hata bibi harusi hupakwa mafuta."

"Bibi harusi habebi watu sita ziwani, kijana."

Muuzaji akacheka peke yake. Lori likasimama, wakashuka wakibishana.

Nami nikamwambia Privatus; nanyi wazazi, waambieni watoto wenu: wasinunue mashua iliyomo majini. Wasinunue yenye rangi mbichi. Wasiijaribu ziwani kabla haijakauka. Wasiogope kuondoka mikono mitupu.