Kayamba Katikati ya Maombi

[Gizani kifuniko cha sufuria kinaanguka, kinazunguka sakafuni, kinanyamaza.]

CHELIMO: Haloo? Haloo, nani? Stima imepotea, na hii skrini imepasuka, jina silioni.

MAMA CIRU: Ni mimi.

CHELIMO: Mimi nani, jameni?

MAMA CIRU: Mama Ciru. Wa duka la Pioneer. Admini wako.

CHELIMO: Ai! Mama Ciru! Habari ya jioni? Ciru hajambo? Na Mzee je, ule mguu—

MAMA CIRU: Mguu umepona. Usinisalimie sana, Mama Sharon, nitasahau hasira.

CHELIMO: Ni ile sauti niliyotuma.

MAMA CIRU: Ni ile sauti! Wewe, leo ni siku gani?

CHELIMO: Jumatano.

MAMA CIRU: Na Jumatano jioni Kina Mama wa Munyaka hufanya nini kwa grupu?

CHELIMO: Tunaomba.

MAMA CIRU: Tunaomba. Kila mtu anarekodi ombi lake, anatuma. Mimi nafungua la kwanza, naweka simu juu ya friji, sauti zinajicheza zenyewe zikifuatana huku nakata sukuma. Sasa Rosebella anaomba, analia kabisa. "Baba, mtoto wa Mama Purity amelazwa, na wale wakubwa wamebaki peke yao nyumbani. Baba, tuma mtu awashike." Halafu—

CHELIMO: Woi.

MAMA CIRU: Halafu kayamba! "Mama, nenda bila wasiwasi! Nishikie tuko hapa! Tutakushikia mtoto!"

CHELIMO: [Anajizuia kucheka.] Pole, Mama Ciru.

MAMA CIRU: Nikasema amina! Macho nimefunga, kisu mkononi. Nikajua malaika wameanza biashara.

CHELIMO: Haki ya nani—

MAMA CIRU: Mzee alicheka mpaka chai ikapitia puani. Na si mimi peke yangu. Enda uone amina zimejaa chini ya tangazo lako.

CHELIMO: Si darasa la biashara la jioni walitufundisha! Tangaza wakati watu wengi wako mtandaoni. Nikaangalia, nikaona Jumatano wote wako—

MAMA CIRU: Wako mbele za Mungu!

CHELIMO: Sasa najua.

MAMA CIRU: Wewe cheka tu. Kuna wenye wamekasirika kweli. Wananiandikia nikutoe. Na nikishakula, nakutoa.

[Mtandao unakwaruza.]

CHELIMO: Mama Ciru, usi— haloo?

MAMA CIRU: Niko.

CHELIMO: Usinitoe, tafadhali. Hii Nishikie haina ofisi, haina nini. Wale mama wa kushika watoto nimewapata kwa hilo grupu. Wenye wana watoto wa kushikiwa pia wako hapo. Ukinitoa leo, imekufa. Na unajua vile ilianza... mwalimu anaongea mbele, mimi nyuma na Sharon mgongoni, analia, watu wote wanageuka. Nikasema lazima kuna mwingine kama mimi.

MAMA CIRU: [Polepole.] Nilikuwa nakuona ukipita na yeye kwa mvua.

CHELIMO: Eh.

MAMA CIRU: Lakini skiza. Rosebella anauza mayai. Umewahi kuona picha ya yai kwa grupu?

CHELIMO: Hapana.

MAMA CIRU: Na sote tunanunua kwake. Alikuja matanga kwa kina Wanjohi, akaosha masufuria mpaka ya mwisho, hakuna mtu alimtuma. Ndio tukamuuliza, kwani wewe hufanya kazi gani? Unangoja uulizwe, Mama Sharon. Hujipigii kayamba.

CHELIMO: Kayamba nitatoa.

MAMA CIRU: Toa kabisa! Na mbona huko kwako kuna kelele hivyo? Sharon amekuwa watatu?

CHELIMO: Ni... wageni. Nimeweka simu spika, nasonga ugali.

MAMA CIRU: Wageni, na giza hili? Haya. Ngoja, kabla kredo iishe. Nimetuma Ciru apelekee watoto wa Mama Purity maziwa, akapata kufuli kwa mlango. Jirani hajui kitu. Mama yao simu imezima—

CHELIMO: Mama Ciru—

MAMA CIRU: —watoto wadogo, stima hakuna! Hata hii hasira yangu kwako nimeichanganya na hofu, sijui—

CHELIMO: Mama Ciru, wako salama.

MAMA CIRU: Umejuaje?

[Mwiko unagonga sufuria.]

CHELIMO: Mama yao alinipigia akiwa hospitali, simu yake ikielekea kuzima. Alikuwa anaskiza maombi. Baada ya Rosebella... akaskia kayamba.

MAMA CIRU: Na atakulipa na nini, huyo maskini?

CHELIMO: Ai, Mama Ciru. Hilo nalo ni swali?

MAMA CIRU: Na mbona hukuandika kwa grupu?

CHELIMO: Niandike nini? Si mngesema ni tangazo tena.

MAMA CIRU: Ngai. [Anapenga kamasi.] Hii simu inalia, kredo inakatika. Sasa hawa wanaotaka nikutoe nitawaambia nini mimi? Haloo? Nitawaambia nini?

PURITY: Mama Ciru, usimtoe Mama Sharon, leo tunalala kwake.