Dakika Tano za Mzee Zahoro

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mzee Zahoro, fundi viatu wa Tunduma, tuliyemzika Ijumaa. Nina huzuni. Lakini niseme ukweli, hasira ninayo zaidi.

Mzee Zahoro aliwahudumia watoto wenye nyayo bapa zinazouma. Narudia, zinazouma. Zisizouma aliziacha. "Nenda kacheze," alimwambia mtoto.

Kibanda chake kilitazamana na foleni ya malori ya mpakani. Alimlowesha mtoto miguu, akamkanyagisha boksi kavu. Alama ikitoka nzima, bila kiuno, yaani bila kubonyea katikati ya unyayo, alimwambia asimame kwa vidole. Upinde wa unyayo ukijitokeza, alichonga soli ya kuweka ndani ya kiatu kwa ndala kuukuu, akamfundisha kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu. Mguu ukiwa mkakamavu, upinde usitokee, hakugusa. "Huyu si wangu. Hospitali, leo leo."

Binti yake, Ikram, anasema: "Kila Januari Baba aligombana na wazazi. Wananunua kiatu kikubwa ili mtoto akue nacho, mbele wanajaza matambara. Anawauliza, mnamvika kiatu au gunia?"

Basi sikilizeni habari ya Tabita wa Msangano, miaka tisa. Kwa miaka miwili alikuwa akichelewa kufika shule kwa maumivu ya miguu. Shuleni fimbo, nyumbani fimbo. Mvivu huyo, walisema. Shangazi yake ndiye aliyemfikisha kwa Mzee Zahoro. Miezi mitatu baadaye alikuwa anaruka kamba.

Sasa hasira yangu. Mzee Zahoro alikuja hapa studio mara tatu kuomba dakika tano awaambie wazazi. Mara tatu! Aliyemkatalia ni mimi. "Mzee wangu, miguu ya watoto si habari." Wiki hiyohiyo tulijadili penalti moja saa nzima.

Msibani, Ezron, baba yake Tabita, alinishika mkono. "Mtangazaji, redio yako naiwasha kila siku nikilima. Ungesema, nisingempiga mwanangu."

Ikram na familia yote, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu. Nawe mzazi, mwanao akisema miguu inauma, weka fimbo chini, mpeleke akaonwe.

Kipindi kimebakiwa na dakika tano. Sipigi muziki. Ni zake. Muite mtoto, chukua maji na boksi. Nakusubiri.