Cheche, Aliyekimbia Nyuma ya Wote

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi, kabla hatujamsindikiza dada yetu familia inawaomba mtulie kidogo msikie alikotoka, ili aliyemjua kwa kipande amjue mzima.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yetu, seremala, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, na mama alizoea kusimulia kwamba mkunga alikuwa bado anavua viatu mlangoni mtoto alipofika. Haraka hiyo hakuiacha. Akitumwa dukani alirudi kabla aliyemtuma hajakumbuka kuongeza kitu kingine, na baba akampachika jina la Cheche, jina lililomganda hata wengi wenu hamkujua kama analo jingine.

Alianza shule ya msingi Januari 1976 na kuimaliza mwaka 1982, akaendelea na sekondari hadi alipohitimu mwaka 1986, na kote huko walimu walisifu akili yake na kulalamikia papara yake, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kukabidhi karatasi ya mtihani wa hesabu na wa kwanza kukumbuka, akiwa ameshafika nje, kwamba swali la mwisho lilikuwa nyuma ya ukurasa.

Mwezi Juni 1988 aliajiriwa katika kiwanda cha kushona sare, kitengo cha vifungo, akaanzia kwenye mashine ya kutoboa matundu hadi akawa msimamizi wa meza nzima, na wenzake walimtania kwamba anakwenda kula mchana kama mtu aliyeacha chungu motoni. Ni kiwandani hapo alipokutana na fundi umeme aliyekuwa akiitwa kutengeneza mashine yake, mashine ambayo mwaka ule iliharibika mara nyingi kuliko zote, na mpaka leo fundi hajatoa maelezo yanayoeleweka. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992, wakajaliwa binti mwaka 1994, ambaye sasa ni mwalimu, na mwana mwaka 1998, ambaye ni fundi wa magari. Katika kutembea kwao marehemu alikuwa hatua kadhaa mbele siku zote, na mumewe, mtu wa mwendo wa pole, alipenda kuwaambia wageni, “Mimi mke wangu namfahamu zaidi kwa mgongo.”

Mwezi Agosti 2012 alianza kukonda na kutokwa na damu, akasingizia uchovu mpaka siku alipoanguka kando ya mashine yake, na vipimo vikaonyesha saratani ya utumbo mpana. Alifanyiwa upasuaji tarehe 3 Septemba, akalazwa wiki nyingi kwa sababu kidonda kilikataa kufunga, na mumewe akawa analala sakafuni juu ya boksi lililokunjuliwa, kwenye ujia wa hospitali, pamoja na wauguzaji wengine, ndugu wa wagonjwa wasio na pa kujilaza.

Kila asubuhi wagonjwa wa upasuaji walitakiwa kutembea ujia ule mpaka dirisha la mwisho na kurudi. Dada yetu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwona mtu mbele yake, sasa alipitwa na kila mtu, akawa anasimama kushika ukuta, machozi yakimtoka kwa aibu zaidi ya maumivu. Nyuma yake alikuwapo mzee mmoja wa wodi ya wanaume, dereva wa lori mstaafu, naye akisimama kila aliposimama, na marehemu alipomwambia, “Pita, baba,” mzee alimjibu, “Miguu yangu mizito, binti, wewe nenda tu, nyuma nipo mimi.” Ikawa hivyo kila asubuhi, hadi siku moja alipochelewa kutoka bafuni akamwona mzee huyo yuko peke yake ujiani, anakwenda na kurudi kama mtu aliyesikia chakula kimepakuliwa. Kesho yake mzee alikuwa tena nyuma yake, na miguu yake tena mizito. Mzee hakutoka hospitali akiwa hai. Marehemu alimaliza dawa Machi 2013 akarudi nyumbani, na maneno yale alirudi nayo.

Kila Jumapili ya kwanza ya Oktoba mjini hapa hukimbiwa mbio za kilomita ishirini na moja, za kuchangia nyumba ya kulala wauguzaji wa wagonjwa, na mwaka 2014 marehemu alitangaza kwamba atakimbia. Mumewe, ambaye mgongo wake ulikuwa bado unalikumbuka boksi lile, aliona nia ni njema ila mkimbiaji siye, akamwambia, “Nimekuuguza mpaka umesimama, sasa unataka nikakuokote barabarani?” naye akajibiwa, “Ukiniokota si utakuwa umenipata, baba watoto? Shida iko wapi?”

Siku ya mbio mumewe alibaki nyumbani akitengeneza pasi ambayo haikuwa mbovu. Wakimbiaji walifika, watazamaji wakaanza kutawanyika, meza zikakunjwa, Cheche haonekani, na binti akaja mbio akilia kwamba mama hajulikani alipo. Mumewe alitoka na kandambili mguuni akaifuata njia ya mbio kutoka mwisho kurudi mwanzo, akiamini anakwenda kuokota mwili, mpaka alipomkuta mkewe amesimama salama, nyuma ya muuza nyama wa mtaa wetu, yule tunayemwita Bucha, ambaye enzi hizo alikuwa mnene sana na alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara akilisubiri gari la kuokota waliochoka. Marehemu alikuwa akimwambia, “Vuta pumzi kisha twende, hata mimi miguu yangu mizito, nyuma nipo mimi.” Mumewe alimtazama, akaona hata jasho hana. “Mimi huku nimeshakuzika mara tatu,” akasema, “kumbe unamchunga Bucha!” Bucha akacheka mpaka akapata nguvu ya kuinuka, wakafika wote watatu wakati utepe wa mwisho umeshaviringishwa. Tangu hapo mumewe hakupinga tena, ingawa hakuacha kuogopa, na hofu yake aliigeuza chupa za maji, akambebea kila mwaka.

Kila mwaka marehemu alikimbia nyuma ya mtu wa mwisho, yeyote awaye, ili mtu huyo asisikie ukimya mgongoni mwake. Watoto wa njiani walipiga kelele, “Mkia! Mkia unapita!” naye akawajibu, “Chekeni tu, ng’ombe bila mkia atafukuza nzi na nini?” Nyumba ya wauguzaji ilifunguliwa mwaka 2019.

Mwezi Februari 2022 ugonjwa ulirudi, safari hii kwenye ini. Mumewe alimfuata daktari ujiani akamuuliza kama ni zile mbio zilizouita, na daktari alimhakikishia kwamba sizo. Oktoba ile marehemu aliwekewa kiti kwenye kona ya duka la dawa, karibu na mwisho wa njia, na mkimbiaji wa mwisho alipopita, aliinuka akashika mkono wa mumewe wakamfuata. Mara wakasikia hatua nyuma yao. Alikuwa Bucha, ambaye kwa sasa amepungua nusu na siku ile alikuwa ameshamaliza zamani. “Pita, Bucha,” marehemu akamwambia. “Miguu mizito leo, dada. Nyuma nipo mimi.” Marehemu alicheka huku ameshika tumbo, akamwambia mumewe, “Msikie mwongo huyu,” wakaenda hivyo mpaka mwisho.

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 9 Januari 2023, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, mumewe akiwa amemshika, ameacha mume, watoto wawili na mjukuu mmoja. Wosia wake ulikuwa mfupi. Alisema watu wakienda makaburini huharakisha kwa kukimbia jua, na magoti ya mumewe ni mabovu, msimwache nyuma peke yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompa miaka kumi ambayo hatukuitegemea, majirani waliopika, kufua na kukesha, na wafanyakazi wenzake wa kiwandani, walioshona nguo aliyovaa leo na kuhakiki kila kifungo kama ambavyo angewadai.

Tukitoka hapa, mwendo utakuwa wa mumewe, na Bucha ameomba awe nyuma yake.

Dada yetu, umerudi mbele kama ulivyozaliwa, na mumeo anakuona tena kwa mgongo. Nenda ukapumzike kwa amani, usigeuke kutazama, nyuma tupo sisi.