Mheshimiwa Delphia Wickline, Aliyelidai Daraja la Laurel Prong

Mchungaji, waheshimiwa wabunge, majirani, na nyinyi mliofuata harufu ya maharage na mkate wa mahindi wa kina mama wa kanisa, familia imenichagua mimi Trace, mjukuu wa tatu, niwasomee maisha ya bibi yetu, na ingawa shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na sita, binamu zangu wenye shahada wamekiri kwamba sauti ninayo mimi.

Delphia Bostic Wickline alizaliwa tarehe 4 Machi 1941 hapa Laurel Prong, ng'ambo ya mto, akiwa mtoto wa tano wa Everett Bostic, mchimba makaa ya mawe, na mkewe Icie. Alianza shule mwaka 1947, akikosa masomo kila mto ulipojaa, akamaliza sekondari mwaka 1959, wa kwanza katika ukoo wao, na tarehe 18 Juni 1960 akafunga ndoa na Okey Wickline, mchimba makaa naye, mtu wa maneno machache na mbwa wengi, wakajaliwa Denver, Wilma na Garnet.

Mwaka 1968 aliajiriwa kuendesha basi la shule, na kwa kuwa kivuko chetu cha zege, kilicholala chini kabisa mtoni, humezwa na maji mvua ikinyesha kidogo tu, basi lilisimama upande huu, watoto wakavuka wawili wawili kwa daraja la mbao na waya, lile linaloning'inia, yeye akiwa amesimama kwenye matope roho mkononi mpaka wa mwisho afike. Mwaka 1982 uvumilivu ulimwishia, akagombea ubunge wa jimbo, akawaambia watu, "Nipeni kipindi kimoja tu, nilete daraja la magari, nirudi kwenye basi langu."

Mswada wake wa kwanza, wa daraja hilo, uliingia ukumbi wa bunge la jimbo Februari 1983, na kwa wasioyajua mambo ya kule, mbunge mgeni akileta mswada wake wa kwanza wenzake humtania, humuuliza maswali ya kipuuzi, kisha wote hubonyeza kitufe chekundu, ubao wa kura unawaka kama umeshika moto, wanacheka, halafu wanageuza kura na kumpigia makofi. Bibi hakuwa ameambiwa na mtu. Mheshimiwa Burl Canterbury wa chama pinzani, huyu aliyekaa benchi la mbele na leso yake, alisimama akauliza kama kuku wakivuka daraja hilo watalipa ushuru, bibi akamjibu, "Kuku wa kwetu wana akili, Mheshimiwa, hawawezi kuvuka waje kwako," ukumbi ukavunjika mbavu, yeye akaona ubao mwekundu mtupu, akachukua koti lake, akawasha gari akarudi nyumbani. Kwa kanuni zao kura haigeuzwi mwenye mswada asipokuwapo, wakamtafuta mpaka chooni, kikao kikafungwa, mswada ukafa. Mzee Burl alipiga simu akisema, "Dada Delphia, ulikuwa utani jamani!" naye akamuuliza, "Na huu mto nao unanitania?"

Kipindi kimoja kikawa kumi na vinne, vya miaka miwili miwili, kuanzia Januari 1983 hadi mwisho wa mwaka 2010, na kila mwaka alirudi na mswada ule ule, mara ufie Seneti, mara gavana aukatae, na bado, jambo lililonishangaza tangu utotoni, utani ule hakuupiga vita hata siku moja, ila kila mgeni alipokuwa anataniwa alibeba kiti na ufumaji wake akaenda kukaa mlangoni, na mgeni akija amefura na koti mkononi alimwambia, "Rudi ukae, mwanangu, hapa hapiti mtu."

Mwaka 1996 fedha za daraja zilipatikana, zikapita kote, gavana akatia sahihi, sherehe tukaanza kupika, na Novemba hiyo mafuriko yakalizoa daraja la kwao Mzee Burl, kijiji kizima kikafungiwa mlimani. Bibi alisimama kwenye kikao cha dharura akaomba fedha zake zihamishiwe huko, akasema, "Sisi tuna ubao wa kukanyaga, wao hawana kitu," akakaa. Laurel Prong ilimnunia, uchaguzi uliofuata aliponea chupuchupu, na babu Okey alimwambia, "Mama Denver, daraja umempa Burl, basi mpelekee na mbwa wangu mmalizane," kisha hakumsemesha mpaka msimu wa kuwinda kindi ukapita.

Alistaafu, akamzika babu mwaka 2011, akaanza kusumbuliwa na moyo mwaka 2021. Juma lililopita hospitalini nilimuuliza ni nini hasa kilichomrudisha kule mwaka hadi mwaka kushindwa, akanitazama, akasema, "Wewe mbona kila Jumamosi unakwenda kuvua na sijawahi kuona samaki?" Mpaka leo najiuliza kama lile lilikuwa jibu. Alifariki alfajiri ya tarehe 19 Machi 2024, akiacha watoto watatu, wajukuu saba na mto ule ule.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolisha mbwa, na kina mama wa kanisa. Wabunge wenzake tunawashukuru zaidi, kwa kuwa leo mtatusaidia kazi: makaburi ya kina Wickline yako ng'ambo, mvua imenyesha tangu juzi, kivuko hakionekani, na gari la maiti haliwezi kupita, kwa hiyo magari yenu mazuri yataachwa hapa, jeneza litapita kwenye daraja lile la mbao, mabegani. Mzee Burl ana miaka themanini na sita, tumemkataza, amesema, "Kijana, mbele nakaa mimi, atakayenizuia anitupe mtoni," nasi tumempisha mbele. Waheshimiwa wengine mtafuata wawili wawili, polepole, mkitazama maji vizuri, kwa sababu kikao chenu kinaanza Jumatatu.

Pumzika kwa amani, Bibi. Kuvuka, leo tunakuvusha sisi.