Rubani Niliyemuua Ndani ya Kilimia

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naomba na mliokaa nje chini ya turubai mwitikie, maana jambo hili linawahusu na ninyi. Bwana asifiwe tena!

Mnanifahamu. Mimi ni Mwalimu Yustina, mama yake Lidya. Miaka mingi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kule Lugoba, na nilipostaafu nikahamia hapa Bagamoyo. Wengine humu niliwafundisha. Wengine niliwachapa. Naona mnacheka, ila hamcheki kwa furaha sana.

Leo sishuhudii juu ya uchawi wala ulevi. Nashuhudia kwamba Mungu amenitoa katika kifungo ambacho mwenyewe nilikuwa nakiita malezi. Ndugu zangu, sikuwahi kumwacha mtu amalize sentensi yake. Mtoto akianza, "Mwalimu, mimi naomba...", nilishajua anaomba nini na nilishamkatalia. Baba Lidya, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kimya sana, na watu walinisifu kwa kupata mume mpole. Leo nikikumbuka naona yule baba alikuwa amechoka kukatizwa.

Na Lidya ni mtoto wangu wa pekee. Alipomaliza kidato cha nne, nilimjazia fomu ya chuo cha ualimu. Nilijaza kwa mkono wangu, hata sahihi yake niliiweka mimi. Siku moja akaja sebuleni akaanza, "Mama, nilikuwa nataka..." Nikamkata: fomu nimeshapeleka, jiandae kwenda chuo. Akasema, "Sawa, mama." Alikaa huko muhula mmoja. Kisha akaondoka bila kuniaga, akajifunza ufundi wa mashine mahali nisipopajua, na baadaye nikasikia kwa watu tu kwamba yuko Makurunge, kwenye mashamba ya miwa, anahudumia pampu za kumwagilia. Makurunge! Ukitoka hapa asubuhi, chai iliyo kwenye chupa haijapoa umeshafika. Lakini kwa miaka minne mwanangu alikuwa mbali nami kuliko watoto wenu walioko Ulaya. Nikimpigia alinisalimu vizuri. "Shikamoo, mama. Kazi nzuri. Sawa, mama." Basi. Nami nilikuwa nakata simu nikinung'unika, huyu mtoto ana kiburi, kamrithi nani?

Sasa, mwaka uliofuata baada ya kustaafu niliteleza bafuni, goti likavunjika. Daktari akaniamuru nitulie nyumbani. Mimi, kutulia! Nikabaki sebuleni nabishana na redio. Ndivyo alivyonikuta Bi Salma. Wengi mnamjua, ana duka la vitambaa hapa mjini, ukoo wao ulitoka Omani enzi za mababu, na sare zote za kwaya yetu tumenunua kwake. Alikuja kunijulia hali akanikuta namsahihisha mtangazaji sarufi. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwalimu," akasema, "wewe wahitaji pahala pa kusema na watu wakakujibu. Njoo kwenye chombo chetu."

Chombo gani? Hapo ndipo nilipojua kwamba mwanamke huyu niliyedhani anajua khanga na vitenge tu, ameanzisha mchezo wa kuandika mtandaoni. Niwaeleze, maana mkisikia mchezo wa mtandaoni baadhi yenu mnawaza kamari. Ni kikundi kwenye simu. Watu wako Tanga, Mombasa, Mwanza, mmoja yuko Muskati. Wote wamekubaliana kwamba wanasafiri ndani ya chombo kimoja cha anga kiitwacho Kilimia, katika zama zijazo, kutafuta sayari ya kuishi. Kila mtu ana mhusika wake mmoja. Huyu anaandika kipande, yule anaendeleza, na hakuna anayejua hadithi itafika wapi.

Niliona ni upuuzi. Ila nilijiuliza: watu wazima, wana kazi na familia zao, wanatafuta nini humo? Ndugu zangu, msidharau swali dogo kama hilo! Mungu alinivuta kwa udadisi, maana angenivuta kwa amri ningebishana naye.

Niliomba niwe nahodha. Nikaambiwa nahodha yupo, ni Salma mwenyewe. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya fundi wa hewa, yule anayehakikisha watu chomboni wanapata hewa ya kuvuta. Nikamuumba Fundi Sudi, mzee mwenye kipara na vidole vinene. Siku hiyo hiyo nikaandika kipande changu cha kwanza, kirefu kama hotuba ya mahafali. Fundi Sudi aligundua hitilafu, akamgombeza daktari, nahodha akalia na kuomba radhi, rubani akageuza chombo, tukatua salama. Safari ya watu wote niliimaliza kwa kipande kimoja!

Salma akanipigia. "Mwalimu wangu, shikamoo."

"Marahaba, Salma. Umekisoma?"

"Nimekisoma. Kiswahili chako kimenyooka. Lakini umetusemea sote! Mimi nahodha nimelia, nimejuta, nimeomba radhi, na mwenyewe nilikuwa dukani napima kitambaa, sina habari."

Akanieleza sheria ya kwanza ya mchezo, na naomba muisikie vizuri: usimwandikie mwenzako. Unaandika mtu wako tu. Unamfikisha mlangoni kwa mwenzako, unapiga hodi, unaacha kuandika. Atakayefungua na atakachosema si juu yako.

Niliudhika, lakini nikakifuta kile kipande. Kesho yake asubuhi nikaandika kwamba Fundi Sudi amesimama mbele ya rubani, amemuuliza, "Unasikia harufu ya moshi?" Nukta. Nikaiweka simu mezani. Ndugu zangu, kule kusubiri kulinitesa kuliko goti! Nilimtungia rubani majibu kumi kichwani. Atasema ndiyo. Atasema hapana. Atakimbia. Ilipofika adhuhuri jibu likaja. Rubani huyo aliitwa Mwatime, na aliyemwandika ni Kassimu, muuguzi wa Tanga. Mwatime akamjibu Fundi Sudi: "Mimi sijawahi kunusa kitu tangu nizaliwe. Ndiyo maana chumba cha karibu na injini wamenipa mimi."

Nikacheka peke yangu sebuleni. Lilitoka wapi jibu hili? Katika majibu yangu kumi halikuwemo! Nilikuwa na miaka sitini na kitu, na sikumbuki ni lini kabla ya siku ile mtu alinijibu nisichokitarajia.

Ningekuwa nimepona siku hiyo, ningekaa chini sasa. Lakini baada ya miezi michache mama yake Salma aliugua kule Unguja, Salma akaenda kumuuguza, na uendeshaji wa mchezo akaniachia mimi. Aliniambia, "Mwalimu, wewe ndiye una nafasi. Waangalie." Mimi nikasikia: watawale.

Nikaweka zamu. Nikaweka ratiba. Kipande chenye makosa nikakirudisha mbele ya wote, nimekipaka alama nyekundu. Kisha nikaandika mpango wa hadithi nzima toka mwanzo hadi mwisho, nikaubandika juu kabisa ya kikundi. Katika mpango huo rubani alitakiwa afe, ili nahodha apate huzuni, na katika huzuni apate hekima. Kassimu sikumuuliza. Bomba la mvuke likapasuka, Mwatime akafa, tukamzika angani na dua nikaitunga mwenyewe. Niliona sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile.

Kassimu aliandika maneno mawili. "Sawa, Mwalimu." Akatoka kikundini.

Ndugu zangu, nilihisi kama mtu amenishika bega kwa nyuma. Maneno yale niliyajua! Nilikuwa nayasikia kila nikipiga simu Makurunge. Lakini moyo wangu ulikuwa mgumu. Nikasema aende, marubani wako wengi. Baada yake wa Mombasa akasema kazi zimemzidi. Wa Mwanza akasema simu yake ina matatizo. Wa Muskati hakusema chochote, alipotea tu. Nikabaki peke yangu ndani ya Kilimia.

Wiki nzima niliwaandika wote: nahodha, daktari, mpishi, na Fundi Sudi wangu. Kila mmoja alisema nilichotaka. Kila jambo lilikwenda kama nilivyopanga. Na ilichosha, ndugu zangu, jamani ilichosha! Siku ya saba niliweka simu chini katikati ya sentensi, nikaona sina hamu ya kuimalizia. Ya nini, na mwisho wake naujua? Nikainua macho. Sebule yangu ina viti sita, na nilikuwa nimekaa mimi tu. Nikasema kwa sauti, "Ee Bwana, ndivyo nilivyoishi hivi?"

Jumapili yake nilikuja hapa na fimbo yangu. Mchungaji alihubiri juu ya uumbaji, na alisema neno moja ambalo labda ninyi mmelisahau. Alisema Mungu alipokwisha kuwaumba wanyama hakuwapa majina. Alimletea yule mtu wa kwanza, mmoja mmoja, ili aone atawaitaje. Nilishika ukingo wa benchi! Mungu mwenye kujua yote, alisimama pale akasubiri asikie mtu atasema nini! Basi mimi Yustina ni nani hata nishindwe kusubiri? Machozi yalinitoka. Mama Mchungaji alidhani goti limenizidi, akaniletea maji.

Nilipofika nyumbani niliuondoa ule mpango. Nikamwandikia Kassimu: "Mwanangu, nilimuua mtu asiye wangu. Nisamehe. Nimekifuta kipande changu. Naomba uniambie Mwatime yuko wapi, na usiponijibu nitaelewa."

Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Vidole viliniwasha, nilitamani nimkumbushe, nimweleze, nimshauri. Nilimwomba Mungu anifunge mikono. Siku ya nne Kassimu akarudi kikundini na kipande kifupi. Mazishi yangu aliyaacha, ila akaandika kwamba vazi lililozikwa angani lilikuwa tupu. Mwatime yuko ndani ya tangi la maji lililokauka, ameweka sikio ukutani, anawaashiria wenzake wanyamaze. Kuna kitu kinagonga kutoka nje ya chombo. Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena.

Kutoka nje! Huko angani, pasipo hewa wala mtu! Niliunguza wali siku ile. Nikampigia Kassimu, hata salamu nikaikatisha. "Kassimu, ni nani anagonga?"

Akacheka. "Sijui, Mwalimu. Nimerudi ili nijue."

Mmoja mmoja wenzake wakarudi, na wale waliokuwa wamepotea wakaanza kuuliza, nini kinagonga? Hata Salma aliandika kutoka Unguja, akiwa kando ya kitanda cha mama yake. Hata leo hatujakubaliana ni nini. Ninaendesha mchezo ule bado, na kazi yangu kubwa ni kusoma.

Lakini nilijua kuna hodi nyingine ambayo sijaipiga. Nikakodi bajaji kwenda Makurunge. Nilimkuta Lidya kwenye banda la pampu, ovaroli imejaa grisi, kitambaa kichwani. Akashtuka.

"Shikamoo, mama. Kuna msiba?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna msiba."

Ulimi wangu ulikuwa umejaa. Hayo mavazi. Ndoa. Kanisani huonekani. Nikayameza yote. Nikamuuliza, "Mashine hii inafanyaje kazi?"

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Sijui tu inavyofanya kazi."

Kisha nikanyamaza. Ndugu zangu, nilinyamaza! Nilisikiliza pampu ikinguruma. Nilihesabu mabati ya banda. Ndipo Lidya akaushika mkono wangu akauweka juu ya bomba, akaniambia, "Ikitetemeka hivi, inavuta maji safi. Ikikwaruza kiganjani, inameza mchanga." Akaendelea. Aliongea, akanionyesha vali, akacheka, akanipa kiti cha ndoo iliyopinduliwa. Mtoto niliyedhani hana maneno! Na baadaye, akiwa anafuta mikono, akasema bila kuniangalia:

"Mama, ile siku ya fomu, unajua nilitaka kukwambia nini?"

Nilidhani najua. Nilikuwa na jibu tayari miaka yote hiyo: kwamba hakuutaka ualimu. Nikasema, "Sijui. Niambie."

"Nilikuwa nimeshajaza fomu mwenyewe. Chuo kile kile. Nilikuja kukuonyesha, ilikuwa mfukoni. Nilitaka kuwa mwalimu kama wewe." Akakunja kitambaa. "Uliposema umeshanijazia, nikaona hakuna kilichobaki changu."

Ndugu zangu, sikujitetea. Nilimwomba mwanangu msamaha, nimekaa juu ya ndoo, mafundi wenzake wakipita. Nikamuuliza kama anataka kurudi chuoni hata sasa. Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Pampu nazipenda. Hizi nilizichagua." Siku hizi ananipigia yeye, na simu zake ni ndefu.

Namshukuru Mungu aliyenivunja goti ili nikae, na akanipa jirani wa imani nyingine kunifundisha. Namshukuru kwa Kassimu aliyekubali kurudi. Na ninyi mnaonisikiliza, Mungu huyu mwaminini! Hahitaji umsaidie kuongoza kila mtu. Nenda nyumbani leo, umuulize mumeo, mkeo, mwanao, jambo moja ambalo kweli hulijui, kisha funga mdomo, na Bwana atakuonyesha alichokiweka ndani ya mtu huyo.

Nilikuwa na maneno mengine, lakini naona kuna mama pale karibu na dirisha ameinua mkono tangu muda mrefu. Mama, simama. Sema, tunakusikiliza.