Pisini ya Rafiki Yangu na Barua Niliyoiandika

Ndugu zangu, baba zetu na mama zetu, kaeni vizuri, maana sitakuwa mfupi. Jumapili iliyopita aliyesimama hapa kutoa ushuhuda alitueleza jinsi pombe ilivyomwangusha. Mimi pombe haikunishinda. Kilichonishinda ni macho yangu. Sitataja jina la mtu. Wawili kati ya nitakaowasema wamo humu ndani, nao wamenipa ruhusa.

Nilikuwa na rafiki tuliyekaa naye dawati moja kule misioni. Tukiwa vijana tulikwenda Usumbura kubeba magunia ya chumvi, tukapita penye uzio wa bustani ambamo Wazungu walikuwa wakioga katika pisini. Hatukuwa tumewahi kuona kitu kile: shimo la saruji, maji ya buluu, ngazi ya chuma ya kushukia. Uzio ulikuwa na tundu moja, tukachungulia kwa zamu.

"Siku moja nitakuwa na yangu," akasema.

"Yangu itakuwa kubwa kuliko yako," nikajibu. Tukacheka, tukajitwika magunia.

Uhuru ulipofika, mimi nilikuwa karani msaidizi katika biro, yaani ofisi, ya ujenzi hapa Uvira. Mkuu wangu Mzungu aliondoka, akaniachia meza, mihuri miwili na kitabu kinene cha kanuni kwa Kifaransa. Nikawa chef, mkubwa wa biro. Nikanunua kofia. Nilidhani nimefika.

Kumbe mwenzangu yule wa dawati alikuwa na lori la kubeba pamba kutoka bondeni. Akapata la pili. Akanunua nyumba ya Mzungu wa pamba, ile ya mteremkoni yenye veranda inayotazama ziwa. Mimi nilikuwa bado mtaa wa Nyamianda, vyumba viwili, mke wangu akiteka maji ziwani kwa ndoo. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: kila jioni nilizunguka njia ndefu ili nisipite chini ya veranda ile.

Siku moja akaingia biro, amevaa shati jeupe.

"Chef, minye nataka ruhusa ya kuchimba pisini."

"Ziwa lote hili halikutoshi?"

"Ziwa iko ya Mungu. Nataka yangu, kama ile ya Usumbura. Weye hukumbuki?"

Nilikumbuka. Hilo ndilo lililonichoma. Angeomba ghala au duka, ningempa. Aliomba kitu ambacho na mimi nilikuwa nimekitaka, na alikuja kukiomba kwangu.

Kanuni zenyewe zilikuwa za haki. Sikubuni hata moja. Michoro mitatu. Shimo likae mbali na mpaka wa jirani. Kuwe na uzio, mtoto asije akatumbukia. Maji machafu yaelekezwe mferejini, siyo kwenye parseli, yaani kiwanja, cha mtu mwingine. Mtu wa afya athibitishe kwamba hayatazaa mbu. Mwisho, kibao kipigiliwe mlangoni siku kumi na tano, ili jirani mwenye neno aandike barua ya kupinga. Ningeweza kumsomea yote siku ile ile. Nilimpa moja moja, kama mtu anayemtupia kuku punje. Alileta michoro, nikamwambia habari ya mpaka. Alipima mpaka, nikamwambia habari ya uzio.

"Weye, kwa nini hukuniambia yote mara moja?" akaniuliza safari ya nne.

"Kanuni ni kanuni, bwana."

Akacheka, akaenda, akarudi na alichotakiwa. Afadhali angenitukana.

Mke wangu aliona. "Yule muntu amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi kwa nini jina lake liko mdomoni mwako kila tukila?"

Nikasukuma sahani, nikatoka nje.

Kibao kikapigiliwa. Siku zikapita bila barua hata moja. Siku ya kumi na nne nikaona ameshinda. Chini ya parseli yake aliishi mama mjane aliyelima mboga za lengalenga na kuziuza. Nikakaa mezani nikaandika barua kwa jina lake: kwamba maji ya pisini yataua mboga zake, kwamba ataugua kwa sababu ya mbu. Nilipoisoma niliiona dhaifu. Nikaongeza kwamba tajiri huyo amemtishia kumfukuza akilalamika. Huo ulikuwa uongo mtupu.

Nikachukua wino, nikamfuata bustanini. Nikamwambia karatasi ni ya kupima mpaka wake.

"Haya, baba. Weye njo unajua kusoma," akasema, akaweka kidole gumba. Kisha akanifungia fungu la lengalenga nipeleke nyumbani. Nilizila, ndugu zangu. Nilizila na nikalala vizuri.

Maombi yakakataliwa. Mwenzangu alisoma barua, akairudisha mezani, akatoka. Ilikuwa mara ya kwanza aondoke bila kucheka.

Kisha maasi yakafika mjini. Wengi mnakumbuka jinsi waasi walivyowatafuta makarani wawaue. Mimi waliniacha hai kwa sababu walihitaji mtu wa kuwasomea Kifaransa. Mkubwa wao alikaa kwenye kiti changu, akaniamuru nimfungulie kabati la dosie, yaani mafaili. Alikuwa anatafuta matajiri. Siku ya pili akaifikia dosie ya pisini, na barua ya kupinga iko juu.

Nilimsomea. Ningeweza kuruka ile sentensi ya kutishwa. Sikuiruka. Ndugu zangu, hata siku ile, na bunduki ziko mlangoni, kitu ndani yangu kilitaka kuona atafanywa nini.

Walimkamata mchana ule. Asubuhi iliyofuata watu waliitwa penye soko. Mwenzangu alipigishwa magoti, mikono imefungwa nyuma, shati limechanika. Sote tulijua hukumu za pale zinavyoisha. Mama mjane aliletwa mbele. Mimi nikapewa barua niisome kwa sauti.

Nilisoma, nikitafsiri kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye vitisho, yule mama akainua mkono.

"Minye sikusema ile."

"Kidole iko yako?" mkubwa akauliza.

"Kidole iko yangu. Maneno haiko yangu. Huyu jirani ananiletea maji na lori yake kwa mboga, wakati wa kiangazi. Hajanitisha."

Watu wakaguna. Mkubwa akasogea karibu naye. "Tajiri amekupa nini ili useme uongo?"

Mama yule hakurudi nyuma, lakini nilimwona akishika kanga yake kwa mikono miwili. Hapo nikaelewa kwamba wafu watakuwa wawili, na kwamba nikimaliza kusoma nitarudi nyumbani salama. Hakuna aliyejua mwandishi. Ningenyamaza tu.

Sijui niwaambieje. Sikuwa shujaa. Nikasikia sauti yangu inasema, "Barua ni yangu. Niliandika mimi. Mama hajui kusoma. Huyu bwana hakufanya kosa."

"Kwa nini uliandika?"

"Nilimwonea wivu."

Wengine walicheka, pale pale. Mkubwa mwenyewe alitabasamu. Nafikiri kicheko kile ndicho kilichotuokoa. Mwenzangu alifunguliwa, malori yake yakachukuliwa. Mama akaambiwa aende. Mimi nilichapwa viboko, kisha nikapewa sanduku la risasi nibebe hadi milimani, upande wa Mulenge. Nilibeba hadi mabega yakaota sugu. Waasi walipotawanyika, nilishuka kwa njia za miguu za Lemera, nimekonda, kofia sina.

Nilianza kwa mama. Akaniambia, "Nisomee ile barua, yote, nijue nilisema nini." Nikamsomea kwa kumbukumbu.

"Kumbe minye naogopa mbu hivi," akasema. Halafu akawa mkali: "Baba, usinipe tena karatasi bila kuisoma. Na utanifundisha." Nilimfundisha. Leo anaandika jina lake mwenyewe.

Kwa mwenzangu nilichelewa wiki nzima. Nilimkuta anatengeneza baiskeli.

"Nilikuonea wivu tangu zamani," nikamwambia.

"Nilijua. Nilifikiri itaisha ukipata ile kofia." Hakunipa mkono siku ile. Alinipa spana nimshikie.

Namshukuru kwa spana ile. Namshukuru mama kwa ukali wake, na mke wangu aliyeniuliza swali nikakataa kulijibu. Nawashukuru na ninyi mlionipokea hapa bila kuninyooshea kidole.

Nilirudishwa biro, na mwezi uliopita mwenzangu alileta maombi yake upya. Ana lori moja sasa, la zamani, na bado anataka pisini. Nilipoiona michoro, moyo ukauma pale pale pa zamani. Sidanganyi, ndugu zangu, haujapona wote. Nikabeba dosie nzima, nikaiweka kwenye meza ya karani mwenzangu, nikamwambia: "Hii ishughulikie weye. Na mwambie masharti yote leo." Akauliza kwa nini.

Nikamweleza kama ninavyowaeleza ninyi. Ukimjua unayemwonea wivu, usikubali kushika karatasi yake.