Sista Inua na Boksi la Glavu Rafu ya Juu

Baada ya miaka thelathini na minne, Sista Mkuu wa chumba cha upasuaji anastaafu tarehe 30 Juni. Madaktari tumeipokea habari hii kwa majonzi. Wale wanaochelewa asubuhi wameipokea kwa majonzi ya kuigiza.

Alianza kwa kuosha vyombo vya upasuaji, akamaliza kwa kutuendesha sisi sote. Jina la Sista Inua alilipata kwa mtindo wake wa kazi. Kabla mgonjwa wa bega hajachomwa dawa ya usingizi, humwamuru ainue mikono yote miwili. Unaogoma ndio wetu, na hapo hapo hutiwa alama ya kalamu. Hatujawahi kupasua bega lisilohusika, ingawa mara mbili faili lilitutuma huko.

Mwaka juzi zamu ikawa yangu, mimi mpasuaji wa mabega. Kano linaloushikiza msuli wa mkono begani lilikuwa limechanika, tena upande wa kulia, nami nikaficha miezi minne. Niliogopa, nakiri. Mpasuaji asiyeweza kuinua mkono atafanya kazi gani nyingine?

Kikaoni Sista akasema anayetaka chai ainue mkono. Nikainua wa kushoto. Kesho yake boksi la glavu za saizi yangu lilikuwa limehamia rafu ya juu kabisa. Nikaleta stuli, nikapanda. Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni.

Asubuhi iliyofuata jina langu ubaoni lilikuwa limetoka safu ya madaktari, likaingia safu ya wagonjwa. Nilinuna siku tatu. Siku ya nne aliniamuru niinue, akanitia alama mwenyewe, na daktari niliyemfundisha mimi akalikata kano lile palipochanika na kulishikiza upya kwenye mfupa. Niliambiwa mkono uning'inie shingoni kwa kitambaa wiki sita. Wiki ya pili nikavua kitambaa pale kantini, nikidhani hakuna aliyeniona. Nilipofika nyumbani, mke wangu alikuwa keshapigiwa simu.

Sista, umetutesa vizuri, na mimi bado nina kazi kwa sababu yako. Asante sana. Nenda ukalale mpaka saa tatu asubuhi, uwapange wajukuu kwa zamu, afya isikupungukie. Siku ya kukuaga utazame mlangoni: nitakupungia mkono wa kulia, juu kabisa, bila stuli.